Ukungu wa Chungwa Huanzia Kwenye Mchubuko

Alfajiri, kabla daladala za Gongo la Mboto hazijajaa, muuza genge wa Ukonga Mombasa, Dar es Salaam, hufunua machungwa yaliyolala na kuanza kuyageuza moja moja. Analolitafuta ni doa laini, limebonyea kidogo, lina utando mweupe pembeni na unga wa kijani katikati. Akilipata hulifunika kwa gazeti kabla ya kulinyanyua, kwani unga ule ndio mbegu za kuvu.

Kuvu hii, Penicillium digitatum kwa jina la kitaalamu, haina nguvu ya kupenya ganda zima. Husubiri mkwaruzo wa ukucha, tundu la mwiba au kikonyo kilichonyofolewa na kipande cha ganda. Machungwa mengi ya Dar es Salaam hutoka Muheza, Tanga. Yakiangushwa kwa kutikiswa matawi, kisha yakarundikwa kwenye Fuso hadi juu, yanafika soko la Buguruni yakiwa na vidonda tayari. Kinga ya kwanza, basi, ni mkasi wa kukatia kikonyo na kreti badala ya rundo.

Inayofuata ni magadi. Miaka ya 1920 wafungashaji wa California walikuwa wakiosha machungwa kwa maji ya magadi, na njia hiyo haijachakaa: gramu 30 za sodiamu baikaboneti kwa kila lita ya maji, kisha tunda lisuuzwe kidogo na likaushwe kivulini. Magadi hayaui kila mbegu. Huizuia isichipue kidondani.

Embe lina mambo yake. Kuvu ya chule huliingia likiwa changa mtini, ikalala humo, ikaamka tunda linapoiva. Ndiyo maana embe lililonunuliwa safi Jumatatu huwa na madoa meusi Alhamisi bila kuchubuliwa na mtu. Hapa panatakiwa maji ya moto, nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi, kwa dakika tano. Kipimajoto ni lazima. Mkono hudanganya, na joto likizidi embe huungua.

Mtungi wa mchanga mbichi unaopoza vyakula Dodoma hausaidii sana Ukonga. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi, kwa hiyo hayapozi. Friji nalo lina mpaka: embe bichi huumia chini ya nyuzi 13.

Kwa mkulima lipo jambo jipya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada, kimejaribu heksanali, kemikali ambayo mimea yenyewe huitengeneza. Hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachobomoa utando wa seli, tunda likakaa gumu zaidi.

Nawe mnunuzi, ukifika gengeni chagua chungwa ambalo kitako cha kikonyo bado kimeshika. Nyumbani yatandaze, usiyafungie mfukoni. Lenye ukungu litupe lote, maana kuvu imekwishazama ndani kuliko jicho linavyoona.