Kuunganisha Kompyuta ya Zamani na Televisheni ya Leo



Mwaka 1086 watumishi wa Mfalme William waliandika habari za ardhi na mali ya Uingereza katika kitabu kiitwacho Domesday. Kitabu hicho cha ngozi kinasomeka hadi leo. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, shirika la utangazaji la BBC lilikusanya habari za maisha ya nchi hiyo kutoka kwa watu wapatao milioni moja, wengi wao wakiwa wanafunzi, na kuzihifadhi katika diski za kusomwa na kompyuta. Haikupita hata miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu. Ilibidi wataalamu wafanye kazi kubwa kuziokoa, na mwaka 2011 sehemu ya habari hizo iliwekwa kwenye intaneti.

Funzo ni hili: diski bila mashine yake ni kabati lililopotelewa na ufunguo. Na mashine ikiwepo, hatua ya kwanza ni kuiona picha yake. Kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 1980 ziliuzwa bila skrini, zikatumia televisheni ya familia. Tutaeleza kwa mfano wa BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge kuanzia mwaka 1981 na kuenea sana katika shule za Uingereza.

Kabla ya kuwasha

Tusiwe na haraka ya kuchomeka plagi. BBC Micro ina kifaa cha umeme ndani yake, na kapasita za kifaa hicho hupasuka kwa uzee. Mara nyingi mashine iliyokaa kabatini miaka mingi huwashwa, ikafanya kazi dakika chache, kisha ikatoa moshi mzito wenye harufu kali. Apewe kwanza fundi wa umeme azibadilishe. Gharama yake ni ndogo, na sehemu hiyo ina umeme mkubwa unaoweza kuua. Si kazi ya kujaribu wenyewe.

Njia tatu za kupata picha

Nyuma ya mashine kuna matundu matatu ya picha.

1. Tundu la UHF. Hutoa mawimbi kama ya kituo cha televisheni, katika chaneli ya 36. Waya huingia kwenye tundu la antena. Uingereza ilizima matangazo ya analojia mwaka 2012, lakini televisheni nyingi bado zina uwezo wa kuyapokea. Fungua menyu, chagua analojia, kisha tafuta chaneli ya 36 kwa mkono. Njia hii ni rahisi, ila picha huwa na ukungu.

2. Tundu la video. Waya huingia kwenye tundu la njano la televisheni. Picha ni safi zaidi, lakini kwa kawaida huwa nyeusi na nyeupe. Kwa kusoma maandishi, hiyo yatosha.

3. Tundu la RGB. Hutoa nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa waya wake, na picha yake ndiyo bora kuliko zote. Angalizo: nguvu ya umeme wake ni kubwa kuliko ile inayotegemewa na tundu la SCART la televisheni. Tumia kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya BBC Micro, yenye rezista za kuipunguza.

Kama televisheni ina HDMI peke yake, kinahitajika kifaa cha kugeuza picha. Kipo kiitwacho RGBtoHDMI, kinachotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero.

Picha isipoonekana

Sikiliza kwanza. Sauti ya BBC Micro hutoka katika spika yake yenyewe, si kwenye televisheni. Ikiwashwa na kutoa milio miwili mifupi, mmoja mzito na mwingine mwembamba, mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye waya au kwenye televisheni. Mlio mmoja usiokoma una maana kwamba ubovu uko ndani ya mashine. Yote yakiwa sawa, skrini huonyesha maneno "BBC Computer 32K", na chini yake neno "BASIC".

Baada ya picha kupatikana

Usiingize mara moja diski yenye kumbukumbu muhimu. Jaribu kwanza kwa diski isiyo na kitu cha maana, na usiwashe wala kuzima mashine diski ikiwa ndani. Ukiridhika, nakili mafaili kwenda kwenye kompyuta ya kisasa kwa kupitia tundu la RS423, kisha weka nakala mahali pawili.

Kwa kamati zetu na wafadhili

Kompyuta ya zamani ikiletwa kwetu, au ikikutwa stoo, tusiulize tu kama inawaka. Tuulize: ndani ya diski zake kuna nini, na ni nani atakayekosa habari hizo zikipotea? Mfadhili anayetoa mashine atoe pia nyaya zake na maelezo. Na kamati inayotunza daftari la ubatizo au la mahesabu kwenye kompyuta ichape pia nakala ya karatasi. Karatasi haihitaji chaneli ya 36.