Stesheni Chini ya Milima

Mkulima wa Lushoto avunaye kabichi alfajiri huanza papo hapo kushindana na saa. Barabara inayoshuka kupitia Soni hadi Mombo ina urefu wa kilomita 33 hivi, nayo huuteremsha mzigo kutoka mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 400 hivi. Kwa kawaida joto la hewa huongezeka kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kushuka. Mboga iliyochumwa bado hupumua, na joto lizidipo kwa nyuzi 10 kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hata tatu. Hivyo mboga huanza kuharibika upesi pale pale inapoingoja safari ndefu.

Mombo ndipo ilipo reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Usafiri wa abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, uliokuwa umekoma kwa miaka mingi, ulirejeshwa Desemba 2019.

Stesheni kama kitovu

Wataalamu wa mipango miji hawaihesabu stesheni kuwa jengo tu, bali kitovu cha mji. Aghalabu mtu huwa radhi kuiendea kwa miguu kwa dakika 10, yaani mita 800 hivi. Duara yenye nusu kipenyo hicho ina eneo la hekta 200 tu. Robo yake, iliyo karibu kabisa, yafaa iwe ya soko, maghala yenye ubaridi, kituo cha mabasi na nyumba za ghorofa. Ng'ambo yake zifuate shule, zahanati na makazi, na njia za miguu zote zielekee kitovuni.

Mji wa Copenhagen ulipangwa hivyo tangu mwaka 1947: makazi yalifuata reli mfano wa vidole vya mkono, na kati ya vidole yakaachwa mashamba na misitu. Huko Hong Kong shirika la reli hujenga nyumba juu ya stesheni zake, na faida yake husaidia kugharimia njia.

Mombo si Hong Kong, lakini kanuni ni ile ile. Juu milimani ardhi ni finyu, miteremko ni mikali, na misitu ya Usambara ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Kila nyumba inayojengwa kwa mpango chini huko huupunguzia mlima mzigo.

Mambo ya kuangaliwa

Tangu zamani Wasambaa walitofautisha Shambaai, nchi ya juu yenye afya, na nyika yenye homa. Kwa hiyo mifereji ya kuondoa maji yaliyotuama, ambamo mbu wa malaria huzaliana, itangulie kuta. Pili, stesheni ikistawi bei ya viwanja hupanda, na muuza mboga ndiye wa kwanza kusukumwa nje. Hapana budi viwanja vipimwe, hati zitolewe na eneo la soko litengwe mapema, kwani hekta 200 hizo zikishajengwa ovyo, kuzirudisha ni kubomoa nyumba za watu.

Samaki mkunje angali mbichi.