Stoo iko Kahama, wewe uko Kigali, kamera imegoma

Saa mbili usiku, katika nyumba ya wageni mjini Kigali, mama mmoja mfanyabiashara wa mchele kutoka Kahama amemaliza hesabu za siku. Anafungua simu kutazama stoo yake. Badala ya picha ya magunia anaona kioo cheusi chenye maneno: kifaa hakipatikani. Sehemu kubwa ya mchele ule ameuchukua kwa wakulima kwa mali kauli, kwa hiyo kinacholala mle ndani ni fedha ya watu. Anapiga simu nyumbani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kamera zimezimika?”

“Hapana mama. Mimi naziona zote kwenye simu yangu. Hata mlinzi namwona, amekaa getini.”

Mkasa wa namna hii unawapata wengi wanaovuka Rusumo, Mutukula, Namanga au Sirari huku wameacha mali nyuma. Kamera inaonekana vizuri nyumbani, lakini mwenye mali akiwa mbali haoni kitu. Wengine humlaumu fundi, wengine humshuku mlinzi. Kabla ya kumlaumu yeyote, fuata hatua hizi kwa utaratibu, na uwe na mtu nyumbani wa kukusaidia kwa simu.

Kwanza, hakikisha umeme na intaneti vipo. Mwulize aliye nyumbani kama ruta imewaka, kama LUKU haijakatika na kama bando halijaisha. Aunganishe simu yake na Wi-Fi ya nyumbani, kisha afungue ukurasa wowote wa intaneti. Usifute swali hili kwa sababu tu anaziona kamera. Simu na kamera zikiwa kwenye ruta moja huweza kuonana hata kama bando limekwisha tangu asubuhi.

Pili, kama hata nyumbani kamera hazionekani, tatizo liko ndani: waya umechomoka, au ruta imeipa mashine ya kurekodi anwani mpya baada ya umeme kukatika na kurudi. Fundi aiwekee mashine hiyo anwani ya kudumu kwenye ruta, isiwe inabadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa.

Tatu, ambayo ndiyo hatua inayorukwa na wengi, linganisha anwani mbili. Aliye nyumbani aingie kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, asome anwani ya IP ambayo ruta imepewa na kampuni ya intaneti. Mara nyingi huandikwa chini ya neno WAN. Kisha, akiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, afungue tovuti yoyote inayoonyesha anwani yake ya IP. Kama namba hizo mbili zinafanana, ruta yako inaweza kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Kama hazifanani, haifikiki kwa njia hiyo.

Kwa nini zitofautiane? Mfumo wa anwani za IP unaotumika zaidi, IPv4, una anwani takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mwaka 2011 akiba kuu ya dunia iligawiwa ikamalizika. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti, hasa zinazotoa huduma kwa laini za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama wanafunzi wa bweni wanaotumia sanduku la posta la shule. Mwanafunzi akiandika barua, jibu lake humfikia, kwa kuwa mwalimu anakumbuka nani aliandika. Lakini barua ngeni iliyoandikwa sanduku la posta tu, bila jina, haimfikii mtu. Simu yako ikiwa Kigali ndiyo hiyo barua ngeni.

Dalili ni rahisi. Kama anwani ya WAN inaanza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31, au 100.64 hadi 100.127, ujue hiyo si anwani ya nje. Ila kama mbele ya ruta yako kuna kisanduku kingine cha kampuni, soma kwanza anwani iliyo kwenye kisanduku hicho.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa Kahama. Siku chache kabla ya safari, nyumbani walikuwa wameacha intaneti ya waya wakahamia ruta ya laini ya simu. Mipangilio ya zamani ya kufungua mlango wa kamera kwenye ruta haikuwa na kazi tena. Fundi angeweza kufungua milango ishirini na picha isingefika.

Ukikuta anwani zinafanana, fundi anaweza kufungua mlango mmoja kwenye ruta na kuuelekeza kwenye mashine yako. Kwa kuwa anwani ya nje nayo hubadilika, utahitaji huduma ya DDNS, inayokupa jina lisilobadilika la kuitafutia ruta. Lakini mlango ulioachwa wazi huonekana na kila mtu duniani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyotoka nayo kiwandani. Kama neno lako la siri bado ni “admin”, libadilishe leo.

Ukikuta anwani hazifanani, una njia tatu. Ya kwanza, washa huduma ya mtandaoni ya kampuni iliyotengeneza kamera: mashine yenyewe inatoka kwenda kwenye seva, na simu yako inakutana nayo huko. Ya pili, tumia VPN ya aina ya Tailscale au ZeroTier, ikiwa una kompyuta ndogo au ruta inayoikubali na inayobaki imewaka nyumbani. Kwa walio Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao kuziandikisha. Ya tatu, iulize kampuni yako ya intaneti kama inauza anwani ya nje ya kwako peke yako, na kwa bei gani.

Mama wa Kahama alichukua njia ya kwanza. Asubuhi kijana aliwasha huduma hiyo kwenye mashine, akabadilisha neno la siri, akamtumia mama yake namba ya kifaa. Picha ikarudi. Akachagua ubora wa chini ili bando la Kigali lisiishe, kisha akashtuka: saa ya kamera ilikuwa mbele kwa saa moja. Haikuwa hitilafu. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mashine ilikuwa inasoma saa za Kahama.

Usiku ule wa wasiwasi ungeepukika kwa jaribio la dakika moja. Siku moja kabla ya safari, ukiwa bado nyumbani, zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, fungua kamera. Simu sasa iko nje ya nyumba, kama vile umeshavuka mpaka. Picha ikija, safiri. Isipokuja, fundi yuko karibu na ruta iko mbele yako.