Nyoka Hufuata Panya

Jua likishazama, mama mwenye nyumba hutoka nje kuchomoa kuni mbili tatu za kuongeza jikoni. Rundo limeegemea ukuta wa nyuma tangu kiangazi. Magogo ya chini yameanza kuoza, mchwa wamejenga, panya wamezaa humo humo. Mkono unaingia gizani kati ya magogo bila mwenyewe kutazama, maana kazi hiyo ameifanya miaka na miaka. Hapo, hatua chache kutoka mlangoni, pana hatari kubwa kuliko kichaka cha mbali ambacho watoto wamekatazwa kukisogelea.

Watu wengi huamini kwamba nyoka akiingia uani amekuja kutafuta mtu. Ukweli ni kwamba mtu hamfai kitu. Nyoka wenye sumu wa Afrika Mashariki hawawezi kummeza binadamu, na sumu waliyonayo wanaihitaji kwa mawindo yao. Anachokifuata nyumbani ni panya, vyura, mijusi, mayai na vifaranga, maji wakati wa ukame, na pahali tulivu pa kujibanza. Boma ambalo punje za mahindi zimemwagika chini ya ghala limekwisha kuwaalika panya. Panya wakihamia, nyoka naye yuko njiani.

Madhara yake si madogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani kote. Kati yao, 81,000 hadi 138,000 hufariki, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu, wakiwamo waliokatwa mkono au mguu, ni kama mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini, watu wanaoumwa mbali na hospitali na mbali na macho ya wakubwa. Ilipofika mwaka 2017 ndipo WHO ikaliweka tatizo hili katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahaulika, na mwaka 2019 ikatangaza lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Nyoka wengi wanaoonekana majumbani hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hata hivyo wapo watatu ambao kila familia ya kijijini inapaswa kuwajua.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye pwani huitwa pia moma au bafe. Ni mnene, mfupi, kichwa kipana, na mgongoni ana michoro inayofanana kabisa na majani makavu na mchanga. Tegemeo lake ni kutoonekana. Wengine wakisikia kishindo hukimbia, yeye hutulia. Usiku anaweza kujilaza katikati ya kijia, na mtu anayekwenda msalani au anayewahi shambani alfajiri humkanyaga. Akighadhibika hujijaza pumzi na kufoka kwa sauti kubwa, lakini mara nyingi mguu huwa umeshafika. Sumu yake huvimbisha, hutoa malengelenge na kuozesha nyama. Jike la kifutu halitagi mayai, huzaa watoto hai, kwa kawaida 20 hadi 40. Mmoja aliyetoka Kenya aliwahi kuzaa watoto 156 kwa mkupuo katika bustani ya wanyama ya nchi ya Wacheki, na hakuna nyoka mwingine anayejulikana kuzaa wengi hivyo kwa mara moja.

Wa pili ni swila, anayeinua shingo, kuitanua na kutema sumu. Hulenga macho, na anaweza kumpata mtu aliye mita mbili au zaidi kutoka alipo. Pwani ya Kenya na maeneo makavu ya bara kuna swila mkubwa wa kahawia ambaye wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake mwaka 2007. Walimpa jina la kisayansi Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha na mkewe Sanda kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu, Kilifi, mwaka 1980. Swila huyu huzidi urefu wa mita mbili. Mwaka 2004 mmoja wao alikamuliwa kituoni hapo akatoa mililita 7.1 za sumu, kijiko cha chai kizima na karibu nusu ya kingine. Mabanda ya kuku huyapenda sana.

Wa tatu ni koboko. Kwa Kiingereza huitwa mamba mweusi, neno lililotoka kwa Wazulu, wala halihusiani na mamba wetu wa mtoni. Ngozi yake si nyeusi, ni ya kijivu au kijani kilichofifia. Weusi umo ndani ya kinywa, na huonekana anapokiachama kuonya. Hukaa kwenye vichuguu vilivyohamwa na mapango ya miti. Sumu yake hulegeza misuli: kope huanza kuanguka, ulimi huwa mzito, kisha pumzi hukata. Ndugu yake wa kijani huishi pwani na kusini mwa Tanzania, kwenye minazi, miembe na mikorosho.

Kinga huanza na panya. Nafaka ikihifadhiwa katika mapipa ya bati au mifuko isiyopitisha hewa, na pumba zikafagiliwa kila jioni, kivutio kikubwa kinaondoka. Kuni zipangwe juu ya kichanja kilichoinuka kufikia goti, mbali na ukuta wa nyumba, ili chini pawe wazi na paonekane. Mawe, matofali na mabati yaliyobaki baada ya ujenzi yasirundikwe uani. Nyasi zifyekwe kuzunguka nyumba, matawi yanayogusa paa yakatwe, matundu ya ukutani yazibwe kwa udongo au saruji, na nafasi iliyo chini ya mlango ipigiliwe kipande cha ubao au mpira wa tairi. Banda la kuku nalo liinuliwe, lizungushiwe wavu wenye matundu madogo. Nyoka mwembamba hupenya wavu mpana, akishameza mayai tumbo linamzuia kutoka, na asubuhi anayekuja kufungulia kuku anamkuta humo.

Vipi kuhusu vitunguu saumu, mafuta ya taa, tairi linalochomwa na miti inayosemwa kuwa hufukuza nyoka? Hakuna uthibitisho wa kutegemewa kwamba vinafaa. Harufu huisha baada ya siku chache, panya wakabaki palepale. Mafuta yaliyomwagwa uani huishia kisimani mvua ikinyesha.

Usiku unataka utaratibu wake. Swila wa maeneo makavu huingia ndani kuwinda panya, akakutana na watu waliolala sakafuni juu ya mkeka. Anayelala hujigeuza, nyoka hubanwa, anauma. Kitanda humuinua mtu, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka humziba pande zote. Utafiti uliofanywa kusini-mashariki mwa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliolala ndani ya chandarua walikingwa sana dhidi ya kuumwa. Kwa hiyo neti ile ile inayogawiwa kliniki kwa ajili ya malaria ina kazi ya pili. Kuongezea hapo, tochi iwe karibu na kitanda, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na anayefyeka au kuvuna avae mabuti.

Ikiwa nyoka ameonekana ndani, jambo la kwanza ni kuwatoa watoto na kurudi nyuma. Wengi wanaoumwa katika hali hii ni wale waliojaribu kumuua kwa fimbo fupi au panga. Mtu mzima mmoja asimame mbali, amtazame asije akapotea, na mlango wa nje uachwe wazi. Mara nyingi nyoka hujiondokea. Pale penye wakamataji waliofunzwa, kama ilivyo kwa wakazi wa jirani na Watamu, ni afadhali kuwaita. Tena nyoka asiye na sumu kali anayekula panya wa ghalani anamfanyia mkulima kazi ambayo paka mmoja haimalizi.

Na mtu akishaumwa?

Hapo ndipo mila na hofu huweza kuleta madhara makubwa. Wengine hufunga kamba juu ya jeraha, wengine huchanja kwa wembe, hunyonya, hupaka mafuta ya taa au hubandika jiwe jeusi. Jiwe hilo, ambalo mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, lina sifa kubwa vijijini, na sababu yake inaeleweka ukizitazama hesabu za WHO. Kati ya wale milioni 5.4 wanaoumwa, wanaopata sumu mwilini ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Nusu au zaidi wameumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu lakini hakuitoa. Hao wangepona hata kama wasingewekewa chochote. Jiwe hupewa sifa ya kupona kwao, na jina lake husafiri hadi kwa yule ambaye sumu imemwingia kweli, ambaye kwake kila saa inayopita ina bei yake. Kamba nayo hukata damu kwenye mguu ambao nyama yake tayari inakufa kwa sumu ya kifutu. Mguu ambao ungeweza kupona huishia kukatwa.

Linalofaa ni rahisi. Mgonjwa aketishwe au alazwe, atulizwe, asitembee wala kukimbia. Pete, bangili, shanga na viatu vivuliwe mapema, kabla uvimbe haujavikaza. Mguu au mkono ufungwe kwenye ubao au fito kama uliovunjika, bila kukaza. Akitapika au kulegea alazwe ubavu. Asipewe aspirini, kwa kuwa baadhi ya sumu huzuia damu kuganda. Saa aliyoumwa ikumbukwe. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha apelekwe hospitali.

Asiachwe nyumbani eti kwa sababu anajisikia vizuri. Mwaka 1957 Karl Patterson Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka huko Chicago, aliumwa na kinda la nyoka wa mitini kutoka Afrika aitwaye boomslang. Aliliona jeraha kuwa dogo, akaenda nyumbani, akawa anaandika dalili zake. Siku iliyofuata alifariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili.

Hospitalini, daktari anaweza kutumia kipimo kisichohitaji mashine. Damu kidogo hutiwa katika kichupa safi cha kioo na kuachwa imetulia kwa dakika 20, kisha kichupa kinainamishwa. Ikiganda, vyema. Ikimwagika kama maji, sumu imeharibu mgando. Dawa yenyewe, inayoitwa seramu, hutengenezwa kwa kumdunga farasi viasi vidogo vya sumu na kuvuna kinga inayojitokeza katika damu yake. Lazima ilingane na nyoka: iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haimfai aliyeumwa na kifutu wa Kilifi au Dodoma. Uhaba wake ni kilio cha kweli. Fav-Afrique, iliyotumika sana barani, ilikoma kutengenezwa mwaka 2014 na chupa za mwisho zikaisha muda wake Juni 2016. Zahanati nyingi hazina seramu kabisa.

Usafiri nao huokoa. Nchini Nepal, vijiji vilipanga wenye pikipiki wa kujitolea, mgonjwa akawa anakaa katikati ya dereva na msaidizi anayemshikilia hadi kwenye kituo cha tiba. Mpango huo ukiambatana na elimu kwa wanakijiji, vifo miongoni mwa waliopata sumu vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Bodaboda zimejaa katika vijiji vya Kenya, Tanzania na Uganda. Kilichobaki ni makubaliano ya mapema, kabla mvua hazijaanza: hospitali ipi iliyo karibu ina seramu, nani ana pikipiki inayowaka usiku wa manane, nani atashika nyuma. Namba ya huyo dereva iandikwe kwa mkaa nyuma ya mlango, mahali mtoto anapoweza kuisoma, na chini yake itundikwe tochi.