Ukumbi wa Sanaa Unaoendeshwa na Wasanii: Ni Nini, na Mnaanzaje?

Mchoraji wa mabango mjini Migori, mfinyanzi wa Oyugis na msusi wa vikapu wa Mbita mara nyingi wana shida moja. Kazi ikikamilika, mahali pa kuionyesha hapapo. Wapo wanaouza kando ya barabara kwa bei ya kutupa, na wapo wanaohamia Kisumu au Nairobi.

Njia mojawapo ni ukumbi unaoendeshwa na wasanii wenyewe. Wanachama huchangia kodi ya nyumba, huchagua kazi za kuonyeshwa, na hukubaliana ni kiasi gani cha kila mauzo kiingie katika mfuko wa ukumbi. Mara nyingi hapo hapo huwa karakana, na vijana hujifunza kwa kutazama na kushika brashi.

Si lazima kuanza na jengo kubwa. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa Kibera mwaka 2001 na wachoraji wawili wa mabango. Karibu nasi, kisiwani Mfangano, Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba yanaonyesha kwamba jamii inaweza kutunza urithi wake yenyewe.

Hatua za kuanza

1. Jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, katiba ya kikundi na kumbukumbu za mkutano wa kwanza. Usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi.

2. Andikianeni. Msanii anapoleta kazi, karatasi ionyeshe bei, mgao wa ukumbi na siku ya kulipwa. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu ya pesa ambazo hazikuandikwa popote.

3. Tunzeni kumbukumbu. Paa ya Paa, ukumbi ulioanzishwa Nairobi mwaka 1965, uliteketea kwa moto mwaka 1997 na kazi nyingi zikapotea. Piga picha ya kila kazi na uihifadhi mahali pengine.

4. Shirikini katika bajeti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya utamaduni, yakiwemo makumbusho na maktaba. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Hudhurieni vikao vya maoni ya umma kabla ya hapo, mkiwa na ombi lililoandikwa: chumba katika jengo la umma lisilotumika, au nafasi siku ya soko.

Ukumbi wa aina hii hautamtajirisha mtu kwa mwezi mmoja. Lakini utampa mnunuzi mahali pa kurudi, na kumpa kijana mwenye kipaji sababu ya kubaki nyumbani.

Kwa ushauri zaidi, fika katika ofisi ya utamaduni ya kaunti yako.