Kiberiti Nyuma ya Gurudumu

Ndugu msikilizaji, Jumatatu ya wiki hii kijana wa jirani yangu alinijia jioni, akaniamkia, akakaa kimya kwa muda. Hatimaye akasema: "Mzee, Ijumaa nakwenda kujaribiwa udereva. Kuna mtu ameniambia nikimpa chochote, hata gari sina haja ya kuliwasha. Unasemaje?"

Nilimwambia twende nje. Gari langu ni kuukuu, lakini ni la gia za mkono, na klachi yake bado ina uhai.

Kwanza nilimkiria jambo ambalo mke wangu hulitaja mpaka leo kwa kicheko. Mimi mtihani wa kwanza nilianguka. Ilikuwa Mwanza, mji wa mawe na miinuko, katika barabara ya kupanda kuelekea Bugando. Askari aliyekaa kushoto kwangu alisema, "Simama hapa katikati ya mlima. Haya, ondoka." Nikaachia breki, nikatafuta mafuta kwa pupa, gari likarudi nyuma. Nyuma yetu mama mmoja alikuwa akivuka na beseni la dagaa kichwani. Alipiga ukelele, akarukia mtaroni, dagaa wakamwagika. Kwa bahati hakuumia. Askari alivuta hendibreki mwenyewe, akaniambia neno moja tu: "Shuka ukamwokotee."

Kuondoka mlimani, ndugu msikilizaji, hakutaki nguvu, kunataka sikio. Hendibreki iwe juu. Kanyaga klachi, tia gia namba moja, ongeza mafuta kidogo. Kisha achia klachi polepole mpaka mlio wa injini ubadilike, uwe mzito, na boneti iinuke kidogo kama mtu anayetaka kuondoka kitini. Hapo mguu wa kushoto ugande! Tazama vioo, ndipo uteremshe hendibreki. Gari litatulia palepale au litajivuta mbele. Sasa ongeza mafuta na kumalizia klachi. Ule mlio unapobadilika maana yake sahani ya klachi imeanza kushikana na injini, kwa hiyo injini imekwisha pokea mzigo uliokuwa umebebwa na breki. Anayeachia breki kabla ya hapo ameliacha gari bila mwenyewe.

Wakazi wa Dar es Salaam wengi hujifunza kwenye tambarare, na siku hizi magari mengi ni otomatiki, basi somo hili hulikuta barabarani siku wakiwa na lori nyuma yao.

Mengine nilimweleza kwa haraka. Kabla ya kuwasha: kiti, vioo, mkanda. Kwenye kipilefti, walio kulia kwako ambao wamekwisha ingia kwenye mzunguko wapite kwanza. Ukirudi nyuma, geuka utazame kwa macho yako, usitegemee kioo peke yake. Tena kichwa kigeuke kweli, kwa sababu anayekupima hawezi kujua macho yako yalitazama wapi. Na kandambili ziache nyumbani.

Juu ya mwendo nilimpa hesabu. Katika maeneo ya makazi kikomo ni kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akitokea mbele, na wewe ukatumia sekunde moja tu kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, umekwisha pita mita 14 na breki haijaanza kazi. Ukiongeza mwendo mara mbili, breki itahitaji nafasi mara nne kulisimamisha gari. Kijana aliguna.

Kuhusu yule mtu wa "chochote", nilimuuliza swali moja tu: akishakupa hiyo leseni, mlimani utapanda naye? Hakunijibu, ila Jumanne alirudi.

Jana tulikwenda kwenye mwinuko ulio karibu na kwetu. Niliweka kiberiti kitupu sentimeta chache nyuma ya gurudumu la nyuma, nikamwambia aondoke. Mara ya kwanza kilisagwa. Cha pili kikasagwa. Mwenye kioski akaanza kutuuliza kama tunavuta sigara kiasi gani. Cha tano kilibaki kizima, na cha sita pia.

Kesho saa tatu asubuhi anakwenda. Kile cha sita amekitia mfukoni.