Bangi na Afya ya Akili: Je, Ipo Sababu ya Kuizuia?

Katika bonde la Kilombero, mjadala wa bangi huanzia shambani. Msimu wa kuvuna mpunga Ifakara na Mlimba, au wa kukata miwa Kidatu, utawasikia vibarua vijana wakisema msokoto mmoja unaongeza nguvu za kazi. Wazee nao hujibu kwa ufupi: bangi inaleta uchizi. Mtahiniwa wa kidato cha nne akipewa insha ya hoja, mara nyingi huchukua mojawapo ya kauli hizi na kuirudiarudia hadi kurasa mbili ziishe. Hakuna kati yake inayotosha.

Mmea wa bangi una kemikali nyingi, lakini inayolevya hasa ni tetrahaidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Ubongo wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanya kazi inayofanana na yake, yaani kurekebisha mawasiliano ya seli za neva zinazohusika na kumbukumbu, hisia, njaa na mwendo wa mwili. THC inapoingia hukamata vipokezi vilevile, kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ndiyo maana mvutaji husahau alichosema sasa hivi, na dakika tano huziona kama saa nzima. Nguvu za shambani zinazosifiwa si nguvu. Kinachobadilika ni namna mtu anavyohisi uchovu na urefu wa siku.

Je, ni kweli inaharibu akili? Nchini Sweden, vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yalitolewa mwaka 1987: waliokuwa wametumia bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo ya kweli) mara sita zaidi ya wasiotumia kabisa. Hapa mwanafunzi makini lazima aulize: kipi kilitangulia? Huenda waliokuwa tayari na matatizo ndio waliokimbilia bangi. Watafiti walilizingatia hilo. Tofauti ilipungua sana, lakini haikuisha.

Huko Dunedin, New Zealand, watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu kuzaliwa. Walioanza bangi kabla au wakiwa na miaka 15, takriban asilimia 10 walikuwa na dalili za ugonjwa wa aina hiyo walipofika miaka 26. Kwa wengine ilikuwa asilimia 3. Umri wa kuanza ndio wenye uzito hapa, kwa sababu ubongo huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20, na sehemu ya mbele, inayopanga na kujizuia, humalizia mwisho.

Lakini asilimia 10 ina maana pia kwamba 90 hawakuugua. Usiifiche namba hiyo katika insha yako, maana mpinzani wako ataitumia: "Mbona fulani anavuta miaka yote na yuko timamu?" Mfano wa bodaboda unasaidia. Wengi huendesha bila kofia ngumu wakafika salama, na bado hatusemi kofia haina kazi. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili, kwa anayevuta kila siku, na kwa anayetumia skanka, ambayo ina THC nyingi.

Kuna kosa jingine, na hili huumiza watu. Kijana akianza kuweweseka, jirani hutamka "bangi hizo" kabla ya kuuliza lolote, au familia humpeleka kwa mganga. Katika bonde hili malaria kali nayo huvuruga akili, na kifafa vilevile. Mgonjwa afikishwe kwanza hospitali, kwa mfano ile ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, apimwe. Hata ikithibitika ni bangi, bado ni mgonjwa. Wenye uraibu wa heroini wana methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Bangi haina dawa ya namna hiyo, hivyo tiba yake hutegemea sana ushauri nasaha.

Kuhusu sheria, dunia imegawanyika. Mwaka 2018 Kanada iliruhusu matumizi ya bangi kwa watu wazima, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Zingatia neno "mtu mzima": hata huko mwanafunzi wa miaka 16 haruhusiwi. Tanzania, kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kulima, kuuza, kumiliki na kutumia vyote ni kosa, na kesi kubwa za biashara huweza kufikia kifungo cha maisha.

Maoni yangu ni kwamba kuizuia kuna msingi, hasa kwa ajili ya vijana. Ila muuzaji na mtumiaji wasipimwe kwa mizani moja. Mtumiaji anayejua ataishia mahabusu hataenda kliniki kusema anasikia sauti, na mama yake atamficha ndani mpaka ugonjwa ukomae.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini utafiti wa Sweden pekee hauthibitishi kwamba bangi ndiyo chanzo cha ugonjwa?
2. "Asilimia 90 hawakuugua, kwa hiyo bangi ni salama." Ijibu hoja hii kwa aya moja.
3. Diwani wa kata yako anapendekeza kila mtumiaji wa bangi afungwe. Mwandikie barua ukikubali au kupinga.